Mlima kwa Mbali, Mtu kwa Karibu

Nasikia mmeanza kuzifufua kamera za filamu. Mnazitoa kwenye masanduku ya babu zenu, mnazipangusa vumbi, halafu mnauliza ipi bora, ya dirisha au ya kioo. Mmeshauliza wengine kabla yangu, na kila mmoja bila shaka amewatajia ile aliyonayo. Mimi nilizitumia zote mbili hapa Nyeri na miji ya kuzunguka mlima, tangu enzi ambazo bendera yetu ilikuwa bado mpya mpaka macho yaliponiambia basi. Kwa hiyo nitawajibu. Ila jibu langu ni refu, na humu ndani hakuna mtu wa kunikatiza, basi vumilieni.

Kwanza tuelewane majina. Kamera ya dirisha ni ile ambayo jicho lako halipiti kwenye lenzi. Unachungulia katika kidirisha kidogo kilicho juu, pembeni, na katikati ya kidirisha hicho unamwona mtu akiwa wawili, yeye na mwenzake aliyesogea kando kidogo. Unazungusha lenzi polepole mpaka wale wawili wanaingiliana na kuwa mmoja. Hapo ndipo unabonyeza. Kamera ya kioo ina kioo ndani kilicholala mshazari, kinachokuletea jichoni kile kile ambacho lenzi inakiona. Lenzi ikiona ukungu, nawe unaona ukungu, kwa hiyo unajua. Ukibonyeza, kioo kinaruka juu kwa kishindo, na kwa muda mfupi huoni kitu. Picha hupigwa wakati mpigaji ni kipofu.

Hayo mtayasoma popote. Yanayofuata hamtayasoma.

Kazi nilijifunza kwa Bwana Ramji, aliyekuwa na studio karibu na soko. Tulikuwa wafanyakazi wawili: mimi Athumani, mtoto wa mtaa wa Majengo, na Wachira wa Naro Moru, mtu aliyecheka hata akiwa peke yake kwenye chumba cha giza. Bwana Ramji hakuwa mtu wa kelele. Ukimwaga dawa ya kusafishia filamu alikuacha uoshe sakafu, halafu akaja kukuonyesha ulipobakisha. Alipoamua kuhama nchi na jamaa zake, alituita mbele ya kaunta, akaweka kamera mbili, kila moja na lenzi zake, akatuambia tuchague wenyewe kwa sababu hakutaka lawama.

Wachira hakungoja kualikwa mara ya pili. Alichukua ya kioo. Alikuwa anarudi kwao Naro Moru kuwapiga picha wapanda mlima na wapagazi wao, na kule alihitaji lenzi ndefu ya kumvuta mtu aliye ng'ambo ya bonde. Kamera ya dirisha haiyawezi hayo. Lenzi ikishakuwa ndefu, ile fremu ndani ya kidirisha inabaki ndogo mno, unapiga kwa kubahatisha. Mimi nilitaka kubaki mjini nipige harusi, ubatizo na watu waliovaa viatu vipya. Nikachukua ya dirisha. Tangu siku hiyo tukawa na utani usiokwisha. Yeye alisema kamera yangu ni ya kuchungulia majirani, nami nikamwambia yake ikipigwa Naro Moru inasikika Karatina.

Kabla hajaondoka, Bwana Ramji alinifundisha jambo ambalo Wachira hakulihitaji. Kamera ya dirisha ina ugonjwa wa siri. Ukiigonga, au ukisafiri nayo kwenye barabara mbovu, kuna mkono mdogo ndani yake unaosogea, na kidirisha kinaanza kudanganya. Kitakuonyesha mtu mmoja safi kabisa, kumbe lenzi imelenga nyuma ya mgongo wake. Huwezi kujua mpaka filamu isafishwe. Kwa hiyo ni lazima uipime kila mara.

"Mbali pima na mlima," aliniambia. "Karibu pima na mtu. Na ukuta usipime, ukuta hauna pua."

Kupima na mlima sisi watu wa Nyeri tulijaliwa. Unaamka mapema kabla mawingu hayajapanda, unasimama mahali pa wazi, unalenga kilele na kuzungusha lenzi mpaka mwisho wake. Vilele viwili vikiingiliana vikawa kimoja, kamera yako ni nzima kwa vitu vya mbali. Wapiga picha wote wa mji huu waliokuwa na dirisha walifanya hivyo. Ungewakuta asubuhi wamesimama kando ya barabara wameelekea upande mmoja, na mgeni angedhani wanasali. Mwezi wa saba ukungu ukishuka tulikaa wiki nzima bila kuuona mlima, tukafanya kazi kwa imani.

Kupima na mtu kulihitaji mtu, na mimi nilikuwa na mke wangu, Zena.

Kiti chetu kilikaa mlangoni, pale mwanga wa uani unapoingia bila jua kali. Zena alikaa hapo na ungo wa mchele wa Mwea mapajani, anachagua mawe. Unapopima unafungua tundu lote la lenzi, ili sehemu iliyo kali iwe nyembamba kabisa, halafu unatafuta mstari uliosimama wima, kwa sababu kidirisha hupenda mstari. Mstari wangu ulikuwa pindo la leso lililomshukia shavuni, karibu na jicho. Ninapiga, ninasafisha filamu, ninaitazama kwa lenzi ya kukuzia. Jicho likiwa kali, kamera ni nzima. Sikio likiwa kali na jicho lina ukungu, kamera inalenga nyuma. Ncha ya pua ikiwa kali, inalenga mbele. Kuna skrubu ndogo ya kurekebisha hayo, na ukiigeuza, geuza kidogo kuliko unavyofikiri inafaa.

Zena hakuwa ananitazama. Aliuliza tu, macho kwenye mchele, "Bado niko wawili?" Nami nikamjibu bado. Nikizungusha kidogo, namwambia sasa yuko mmoja. "Basi bonyeza, maji yanachemka."

Mungu hakutujalia mtoto, na kile kiti hakikuwahi kukaliwa na mwingine kwa kazi ile. Watu huhifadhi picha za sikukuu. Mimi nina bahasha za picha za mwanamke anayechagua mchele, miaka nenda miaka rudi, na kinachobadilika ni leso.

Msidhani kamera ya dirisha ilikuwa malaika. Iliniaibisha sana. Kidirisha kiko juu ya lenzi na pembeni yake, kwa hiyo ukimsogelea mtu karibu, unachokiona wewe sicho hasa kinachopigwa. Mzee mmoja wa Othaya alikuja amevaa koti zito na kofia mpya. Nikamkaribia, nikamwona kamili, nikapiga. Alipokuja kuichukua picha aliishika kwa mikono miwili, akaitazama kwa muda, akaniuliza, "Fundi, hii kofia nilitoa Nairobi. Sasa imeenda wapi?" Nilikuwa nimemkata kwenye nyusi. Tangu siku hiyo, mtu yeyote mwenye kofia nilimwachia nafasi ya kofia ya pili juu yake.

Halafu kuna kifuniko cha lenzi. Ukikisahau kwenye kamera ya kioo utaona giza na utajua. Kwenye dirisha unaona dunia yote iking'aa, na ndani filamu inapiga giza tupu. Nilifanya hivyo kwenye ubatizo kule Karatina. Nilipokitoa mfukoni kitambaa cha kupangusia na kukigusa kile kifuniko bado mahali pake, nilikibandua haraka. Nikamwendea mchungaji, nikamsihi ammwagie mtoto maji tena. Maji alikataa, ila alikubali kuinua mkono, na mama wa mtoto akakubali kufumba macho mara ya pili. Picha ile nadhani bado iko ukutani kwao.

Lakini kanisani dirisha halikuwa na mpinzani. Lilitoa mlio mdogo kama wa ukucha ukigonga meza. Siku moja niliugua, Wachira akanishikia harusi hapa mjini, na maharusi walipofika kwenye kiapo, kioo chake kikaruka. Mchungaji alikatiza kiapo akatazama madirisha, akidhani kuna kilichovunjika. Wachira alinisimulia mwenyewe, anacheka mpaka anashika mbavu.

Kuhusu lenzi, nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo wengi wenu mnapoteza fedha. Mnakimbilia ndefu. Mimi kwa miaka mingi nilikuwa na mbili: ya kawaida, inayoona kiasi ambacho jicho huona bila kujitahidi, na pana kidogo kwa ajili ya ndani ya nyumba na kwa zile familia ambazo shangazi huongezeka kila unapotaka kubonyeza. Lenzi pana inakulazimisha usogee. Ukisogea unasalimia, ukisalimia unaulizwa habari za nyumbani, na ukishaulizwa habari za nyumbani umekuwa mtu kati ya watu. Nusu ya kazi hii iko hapo. Mtu aliyesalimiwa vizuri husimama vizuri.

Hata hivyo kazi ya harusi ina upweke wake. Mimi ni Mwislamu, na wenye harusi wengi hapa ni Wakristo. Mbuzi wamechinjwa, nami siwezi kula. Wenyeji walikuwa waungwana. Walinipeleka ndani ya nyumba, wakanikalisha peke yangu mezani na chai na mayai ya kuchemsha, huku nje nyimbo zimepamba moto. Nilikula nikitazama picha za watu nisiowajua ukutani. Haikuniuma wakati ule, kwa sababu Zena alikuwa amenifungia chapati kwenye kitambaa, na nikirudi nyumbani alitaka kujua kila kitu: nani alivaa nini, nani alilia, mama mkwe alinuna au hakununa. Kwangu harusi iliisha nikishamaliza kumsimulia.

Zena alifariki wakati wa mvua za masika, baada ya ugonjwa mfupi. Tulimzika siku ile ile, kama ilivyo desturi yetu. Wachira alikuja kutoka Naro Moru, akasimama nje ya lango la makaburi ameshika kofia, kwa sababu hakujua kama anaruhusiwa kuingia. Nilimwona, nikamfuata, nikamshika mkono tukaingia. Akarudi kwao, nami nikarudi kwenye nyumba yenye kiti mlangoni.

Niliendelea kufanya kazi. Kila asubuhi ya kweupe nilitoka nikapima kamera na mlima, na mlima ukaniambia kamera ni nzima. Na mtu sikupima. Majirani walikuwepo, tena watu wazuri, lakini utamwambiaje mtu aache shughuli zake aje akae mlangoni kwako bila kufanya kitu, wewe unamtazama sikio? Zena sikuwahi kumwomba. Alikuwa amekaa tu, nami nilikuwa napita na kamera. Ikapita miezi, na mimi nikajipa moyo kwamba mlima unatosha.

Ndipo nikaitwa harusi Mwea. Baba wa bibi harusi alikuwa mkulima wa mpunga kwenye skimu ya umwagiliaji, na kutoka barabarani mpaka kwao nilibebwa kwa baiskeli juu ya kingo za mifereji, kamera iko kwenye mkoba uliofungwa nyuma kwenye keria. Ilirukaruka njia nzima. Kanisa lilikuwa na madirisha madogo na mwanga hafifu, kwa hiyo nilifungua tundu la lenzi lote. Nje kwenye jua ningeliziba tundu kidogo, na kosa lisingeonekana. Kidirishani bibi harusi alikuwa mmoja safi. Nikapiga filamu nzima nikiwa nimeridhika.

Nilipoisafisha filamu nilikaa chini. Bibi harusi alikuwa ukungu. Bwana harusi alikuwa ukungu. Nyuma yao, kwenye benchi, kulikuwa na mzee anayepiga miayo, na huyo alitoka vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumpiga, ungeweza kumwambia ni jino gani la kung'oa. Nilizichapa hivyo hivyo, kwa sababu harusi hairudiwi, nikazipeleka Mwea mwenyewe. Familia ilikuwa imekusanyika kuzitazama. Mama wa bibi harusi alizipitia moja moja, akaniuliza kama harusi ilikuwa ya msichana wake ama ya huyo mzee. Watu wakacheka. Mimi sikuweza kucheka, na yeye akaona. Akaziweka picha chini.

"Fundi, kwako nyumbani kuko na shida?"

Nilimwambia hakuna. Hakuna siku niliyosema uongo ukaniuma kama ule. Yule mama alikuwa amenifungulia mlango, nami nikaufunga.

Njiani nilijishawishi kwamba ni macho. Nilikuwa nimelia sana mwaka ule, nikaona nimeyaharibu. Kwa hiyo nikatafuta kamera ya kioo iliyotumika, nikanunua pamoja na lenzi ndefu, na ile ya dirisha nikaitia kwenye droo. Sitaidharau kamera ya kioo. Ni ya kweli. Unachokiona ndicho utakachopata, na haihitaji mtu wa kuipima. Unaweza kuishi nayo peke yako mpaka kufa na isikudanganye hata mara moja. Kwa mtu aliyekuwa katika hali yangu, ilikuwa dawa ya kutuliza.

Lenzi ndefu ndiyo iliyonimaliza. Nilianza kusimama nyuma. Harusi ya Timau nilipiga nikiwa kwenye ua wa shamba la ngano, watu wako kule, mimi niko huku, na sura zao zinanijia karibu bila wao kujua. Hakuna aliyenisalimia na hakuna aliyeniuliza habari za nyumbani. Nilidhani hizo ni picha nzuri, na labda zilikuwa nzuri. Lakini mnajua watu wetu. Picha ni kujiandaa, ni kufunga vifungo vya koti na kutazama mbele. Walizigeuza geuza wakasema hapa sikuwa nimekaa sawa, hapa ulinipiga ati nikitafuna. Waliziita picha za kuibiwa. Mialiko ikapungua, nami nikaona afadhali.

Siku moja nilitaka kujua ukweli: ni macho yangu au ni kamera? Nikaitoa ile ya dirisha kwenye droo. Mtu wa kukaa sina. Basi nikachukua picha ya Zena, mojawapo ya zile za mchele, nikaikuza mpaka ikawa kubwa kama yeye mwenyewe, nikaibandika kwenye ubao nikaisimamisha juu ya kiti. Pindo la leso lilikuwa pale pale karibu na jicho. Nikafungua tundu lote, nikazungusha lenzi mpaka pindo mbili zikawa moja, nikapiga.

Filamu ilitoka na ukungu, jicho sawa na sikio, sikio sawa na pua. Nilijua kamera au macho yamekosea, lakini sikuweza kujua yamekosea kwenda mbele au nyuma, kwa sababu picha ni bapa. Haina sikio la nyuma wala pua ya mbele. Maneno ya Bwana Ramji kuhusu ukuta yalinirudia. Nilikuwa nimepima na ukuta uliochorwa mke wangu. Nilikuwa nimemzika, nimepokea rambirambi, nimegawa nguo zake zote isipokuwa leso moja, lakini ni siku ile, na lenzi ya kukuzia mkononi, nilipoamini kwamba Zena hayupo.

Sikuigusa tena kamera ile mpaka Wachira alipokuja. Alikuwa amesikia Nanyuki, kwa wapiga picha wenzetu, kwamba nimehamia kioo. Nilitarajia anicheke. Alikuwa ameshinda ubishi wetu wa miaka yote. Alikunywa chai, akatazama kamera yangu mpya kwa adabu, akaomba kuona ya zamani. Akachungulia kidirishani, akaielekeza uani.

"Athumani, hii kitu ulipima na mtu lini?"

Nilimwambia nilikuwa napima na mlima.

"Mlima haiwezi kukwambia mambo ya karibu," akasema. Akainuka, akaenda akakaa kwenye kile kiti.

Nilitaka kumwambia atoke. Nasema kweli, neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Lakini alikuwa mtu mzima, mzito, ametoka Naro Moru kwa ajili yangu, na amekaa ametulia na mikono kwenye magoti. Tatizo koti lake lilikuwa la rangi moja, halina mstari popote. Nikaingia chumbani, nikaitoa ile leso moja iliyobaki, nikamfunika kichwani, pindo likashuka shavuni. Hakucheka, na Wachira alikuwa mtu wa kucheka. Nikachungulia. Ndipo akauliza kwa sauti yake nzito, maana zamani alipokuwa akinitembelea alimsikia Zena akiuliza mara nyingi.

"Bado niko wawili?"

Kila kitu kilikuwa viwili, yeye, mlango na uani, na haikuwa kazi ya lenzi. Nikaitoa kamera usoni nikalia. Sikuwa nimelia mbele ya mtu tangu makaburini. Wachira hakugeuka wala hakuja kunishika. Alibaki kwenye kiti na leso yake kichwani.

"Lia kwanza," akasema. "Mimi siendi mahali. Halafu upige."

Nikapiga. Tuliisafisha filamu pamoja, bega kwa bega, kama zamani. Sikio lake lilikuwa kali, hata nywele za ndani ya sikio ungeziona, na macho yake yalikuwa ukungu. Kamera ilikuwa inalenga nyuma. Macho yangu hayakuwa na kosa lolote, miaka yote ile. Nikageuza skrubu kidogo, akakaa tena, nikapiga tena, na safari ile macho yakatoka makali na wazi, ya mtu aliyechoka kukaa. Aliiomba picha ile ya leso, nami nikamchapia. Alisema ataiweka mahali ambapo mke wake hataiona.

Nilirudi kwenye harusi na dirisha langu na lenzi pana. Nilirudi Mwea pia, kwa yule mama, msichana wake mdogo alipoolewa, na aliponiuliza tena habari za nyumbani nilimwambia. Aliacha sufuria zake akakaa nami pale mezani wakati nakunywa chai yangu na mayai. Wachira alikuwa akishuka kutoka Naro Moru mara kwa mara, anakaa kitini, ananitukana kidogo, anakunywa chai, anakwenda. Koti alianza kuvaa lenye mistari bila kuambiwa. Naye ametangulia sasa, na kamera yake ya kioo wanayo watoto wake.

Basi jibu lenu ni hili. Kama kazi yako ni vitu vya mbali, wanyama, milima, watu wasiotaka kusogelewa, chukua ya kioo. Kama unaishi peke yako na huna mpango wa kuishi vingine, chukua ya kioo, haitakudanganya. Ya dirisha chukua kama una mtu wa kukaa mlangoni. Kama huna, usiichukue kwanza, tafuta mtu. Wauzaji hawatawaambia hilo kwa sababu hawauzi mtu.

Yangu bado ninayo. Asubuhi hii mlima ulikuwa wazi, nikatoka nayo nikapima, vilele vikaingiliana, na mlima ukaniambia kamera ni nzima. Siuamini. Filamu imebaki moja, na kiti kiko pale pale, mwanga wake ni mzuri mpaka karibu na adhuhuri. Leso sitaitoa tena, imechakaa. Kwa hiyo mmoja wenu akipita Majengo aulize nyumba ya Fundi Athumani, watamwonyesha. Ukija, vaa kitu chenye mstari.